Pipa moja la mafuta, mapipa mangapi ya maji? Jibu kwa fundi maji aliyeitwa kazini Alberta

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Nilikuwa fundi wa kusafisha maji kwenye mamlaka ya maji huko nyumbani Tanzania, sasa naishi Edmonton, Kanada. Nimepata nafasi ya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya mchanga wa lami kusini mwa Fort McMurray, upande wa maji ya boila. Dada yangu hataki hata kusikia. Amesoma kwamba kila pipa la mafuta linakula mapipa manne ya maji, kwamba Mto Athabasca unakauka, na kwamba maji machafu yanajaza mabwawa ya sumu. Kwenye usaili nikaambiwa kiwanda kinatumia tena zaidi ya asilimia 90 ya maji yake. Nani ananidanganya? Na kama maji yanasafishika, kwa nini wasiyasafishe yote wakayarudisha mtoni? Tukihamia Fort McMurray, maji ya bomba yananyweka? Nina watoto wawili wadogo. Dada anauliza pia kama mafuta ya Hoima yatachimbwa kwa namna hii.*

Marahaba, ndugu yangu. Hakuna anayekudanganya. Dada yako anazungumzia machimbo ya wazi, ambayo karibu yote yako kaskazini mwa Fort McMurray, na mwajiri wako anazungumzia visima vya mvuke. Kinachotafutwa ni kilekile, lakini kazi hizi mbili hazifanani, na hesabu ya maji ya moja haiingii kwenye nyingine. Tena takwimu zote mbili zimeacha nje mambo ambayo fundi maji angeyauliza mapema: maji yasiyorudi yamekwama wapi, na yale ya mtoni yalichotwa mwezi gani? Ukiyashika hayo mawili utasoma ripoti ya kampuni yoyote bila kuyumbishwa na asilimia.

Nianze na mchanga wenyewe. Amana zake ziko katika maeneo matatu ya Alberta, yaani Athabasca, Cold Lake na Peace River, jumla kama kilomita za mraba 142,000. Katika kilo 100 za mchanga mzuri wa Athabasca kuna kilo 10 hadi 12 za bitumini, yaani mafuta mazito kama lami, kilo 4 hadi 6 za maji, na zilizobaki ni mchanga na udongo. Kwa ubaridi wa ardhini bitumini hiyo haitiririki, kwa hiyo kisima cha kawaida hakitoi kitu. Pale tabaka lilipo karibu na uso wa ardhi, ndani ya mita 75 hivi, hufukuliwa. Hiyo ni takriban sehemu moja ya tano ya akiba. Iliyobaki iko chini mno, na nyingi hutolewa kwa kupashwa moto hukohuko iliko.

Kwenye machimbo, anayetenganisha mafuta na mchanga ni maji. Chembe ya mchanga wa Athabasca ina utando mwembamba wa maji juu yake, na bitumini imekaa nje ya utando huo, haikushikana moja kwa moja na jiwe. Ndiyo maana maji ya uvuguvugu na kostiki soda kidogo yanatosha kuibandua. Karl Clark aliifanyia utafiti njia hii huko Alberta miaka ya 1920, na kiwanda cha kwanza kikubwa kilifunguliwa 1967. Malori ya tani 400 humwaga mchanga kwenye mashine ya kuponda. Mchanga huchanganywa na maji, ukasukumwa na pampu ndani ya bomba lenye urefu wa kilomita kadhaa, na humo njiani mabonge huvunjika na bitumini hujishika kwenye viputo vya hewa. Zamani maji yalipashwa hadi nyuzi 80. Siku hizi nyuzi 40 hadi 55 zinatosha. Mwisho wa bomba kuna chombo kikubwa chenye kitako cha koni: mchanga unazama, povu linaelea. Povu hilo ni bitumini kama asilimia 60, maji 30 na uchafu mgumu 10, na husafishwa tena kwa kiyeyushi.

Sasa hesabu. Pipa moja ni lita 159, na kulipata unahitaji kama tani mbili za mchanga. Maji yanayopita kiwandani kwa kila pipa yanaweza kuzidi mapipa kumi, lakini sehemu kubwa, asilimia 75 hadi 85, ni yaleyale yanayozunguka kutoka mabwawani. Maji mapya ni kama mapipa mawili hadi manne, kutegemea mgodi na ubora wa mchanga. Nayo hayatoki mtoni peke yake, kwa sababu mvua inayoanguka ndani ya eneo la mgodi na maji ya ardhini yanayotoka shimoni hukusanywa pia. Kwa hiyo yale manne ya dada yako si uzushi. Ni kiwango cha juu cha machimbo.

Ukimuuliza mtu yeyote maji hayo mapya yanapotelea wapi, atakwambia yamegeuka mvuke au yamemwagwa. Ukweli ni kwamba mengi yamebaki katikati ya chembe. Chukua zile tani mbili, utoe bitumini. Unabaki na kama tani moja na nusu ya mchanga. Mchanga ukituama chini ya maji, karibu asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi tupu kati ya punje na punje, na nafasi hizo zinashika lita 300 hadi 400 za maji. Hayo peke yake ni mapipa mawili, na udongo hatujaugusa. Ardhini nafasi zilezile zilijaa bitumini na maji kidogo. Umeondoa bitumini, umeweka maji mahali pake, na mchanga wenyewe umelegea kuliko ulivyokuwa umeshindiliwa. Hata mgodi unaosimamiwa na watu waaminifu kabisa hauwezi kukwepa hasara hii. Unachoweza ni kuupanga mchanga ili maji mengine yachuruzike yarudi.

Udongo ndio mgumu zaidi. Chembe za mfinyanzi zenye upana chini ya mikroni mbili zina chaji hasi usoni, zinasukumana, wala hazitaki kukaa pamoja. Kostiki soda iliyosaidia kubandua bitumini inazitawanya zaidi. Zikiingia bwawani zinashuka taratibu kwa miaka miwili mitatu mpaka zifike kama asilimia 30 hadi 35 ya uzito, halafu zinagoma. Hapo tope lina uzito wa mtindi, na likiachwa lenyewe litachukua miongo mingi, pengine karne, kugeuka ardhi ya kukanyagwa. Piga hesabu: tope lenye theluthi moja ya chembe kwa uzito linashika tani mbili za maji kwa kila tani moja ya udongo. Kila siku kiwanda kinaongeza tope jipya, na maji yaliyofungwa humo hayarudi kwenye pampu. Leo Alberta ina zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.3 za tope hilo la majimaji nyuma ya kuta za mabwawa. Ni yale ambayo kwetu tunayaita mabwawa ya topesumu, na hofu ya dada yako juu yake ina msingi. Waliofuatilia kubomoka kwa bwawa la mgodi wa Mwadui, Novemba 2022, wanajua ukuta wa bwawa ukiachia kunatokea nini.

Wewe uliyezoea kutia shabu kwenye maji ya mto wenye tope utauliza: si wazigandishe tu? Wanajaribu, kwa kanuni ileile unayoijua ya kuvunja chaji ili chembe zishikane. Kuna wanaochanganya tope na mchanga na jasi. Kalisi ya jasi inagandisha udongo vizuri, lakini kalisi na salfeti zinarudi kiwandani na maji ya kuzunguka, zinaanza kuharibu utenganishaji wa bitumini, na zinaacha ukoko kwenye mabomba. Wengine hutia polima, wakalitandaza tope kwa tabaka jembamba kwenye mteremko likauke. Kwa tabaka la namna hiyo baridi ya kule inasaidia, maana tope likiganda kisha likayeyuka, maji yanajitenga nalo. Ila njia hii inataka eneo kubwa na hali ya hewa nzuri, na polima ikizidishwa au ikikorogwa kwa nguvu mno, mabonge yanakatika, unabaki na uji usiokauka. Wapo wanaotumia mashine za kuzungusha kwa kasi, ambazo hufikisha tope kama asilimia 55 ya chembe. Zinafanya kazi vizuri lakini ni ghali na zinakula umeme. Na kuna wanaoliweka tope kwenye shimo la zamani na kulifunika kwa maji liwe ziwa. Base Mine Lake, ziwa la kwanza kubwa la aina hiyo, lilianza mwishoni mwa 2012 na bado linapimwa.

Hii ya mwisho naiona kama kamari ya muda mrefu, kwa sababu tope linaendelea kubanwa kwa miaka mingi, na maji yanayokamuliwa nalo yanapanda kwenye ziwa. Kuwa makini pia na bwawa linalotangazwa kwamba limerudishwa kuwa msitu. Bwawa la kwanza la kampuni ya Suncor lilipandwa miti na nyasi kufikia 2010 na likapewa jina Wapisiw Lookout. Hayo ni mafanikio ya kweli, lakini tope laini lililokuwamo lilihamishiwa kwenye mabwawa mengine kwanza.

Kwa nini basi wasisafishe yale maji ya juu wakayarudisha mtoni? Kwanza, hawaruhusiwi kumwaga mtoni maji yaliyopita kwenye utenganishaji wa bitumini, na sheria ya uvuvi ya Kanada inakataza kuweka majini kitu chenye madhara kwa samaki. Pili, kuyasafisha ni kazi kubwa kuliko kuchuja. Ndani yake kuna asidi za nafthini, jamii ya kemikali nyingi zinazotoka kwenye bitumini yenyewe, zinazoyeyuka majini na kuua samaki. Bakteria wanazila, lakini zile zenye muundo mgumu zinabaki kwa miaka. Kuna pia chumvi, na chumvi haioti mabawa: kila mzunguko sodiamu na kloridi vinapanda kidogo, kwa sababu mchanga mpya unaleta chumvi mpya na maji yanayotoka ni machache. Ndiyo sababu hata kutumia maji tena asilimia 100 si ndoto nzuri kama inavyosikika. Maji yakizidi chumvi, bitumini haijitengi vizuri na mabomba yanaliwa na kutu.

Serikali ya Kanada na Alberta zinaandaa kanuni za kuruhusu maji yaliyotibiwa yatolewe mtoni, na jamii za wenyeji walio upande wa chini wa mto zina mashaka nazo kwa haki kabisa. Mimi sioni njia isiyo na hatari hapo. Kuyaachia ni hatari kama kipimo ni kilegevu. Kuyalimbikiza milele nyuma ya kuta za udongo nako ni hatari, na kuta hizo zinavuja. Kwenye mgodi wa Kearl maji yaliyojipenyeza nje ya eneo la bwawa yaligunduliwa 2022, na mwanzoni mwa 2023 kidimbwi cha kukusanyia kikafurika, zikamwagika lita kama milioni 5.3. Kilichowaumiza zaidi watu wa Fort Chipewyan, jamii ya wenyeji iliyo upande wa chini wa mto, ni kwamba kwa miezi hawakuelezwa ukubwa wa tatizo. Na Aprili 2008 bata kama 1,600 walitua kwenye bwawa la kampuni ya Syncrude wakafia humo, maana bitumini inayoelea inagandisha manyoya.

Je, mto unakauka? Athabasca unaanzia kwenye barafu ya Columbia katika milima ya Jasper, unakwenda zaidi ya kilomita 1,200 hadi Ziwa Athabasca. Pale Fort McMurray wastani wa mwaka ni kama mita za ujazo 600 kwa sekunde. Tukadirie machimbo yote yatoe mapipa milioni moja na nusu kwa siku, na kila pipa litumie mapipa mawili ya maji ya mto. Hayo ni kama mita za ujazo 477,000 kwa siku, yaani 5.5 kwa sekunde. Ukilinganisha na wastani wa mwaka, haifiki asilimia moja, na kampuni zinapenda kukuonyesha namba hiyo. Lakini Februari, mto ukiwa chini ya barafu, mtiririko unaweza kushuka hadi mita za ujazo 120 kwa sekunde au pungufu. Uchotaji uleule sasa ni karibu asilimia tano, na unafanyika wakati samaki wamebanwa kwenye vina vichache vyenye oksijeni. Kwa sababu hiyo mwaka 2015 Alberta iliweka mfumo wa mipaka ya kuchota inayobadilika wiki kwa wiki kufuata hali ya mto. Migodi iliyojiandaa inachota kiangazi, inajaza hifadhi yake, na kupunguza baridi ikija.

Kwa hiyo mto haukauki kwa sababu ya migodi peke yake. Lakini kule kwenye delta ya Peace na Athabasca, kina kikipungua hata kidogo boti hazipiti kwenye mikondo ya kuwindia, na huko maji yamepungua kwa sababu zaidi ya moja, likiwamo bwawa la umeme la juu ya Mto Peace na mabadiliko ya tabianchi. Mzee wa Fort Chipewyan anayesema njia yake ya boti imekauka hasemi uongo, hata kama asilimia ya mwaka ni ndogo.

Tuje kwenye kazi uliyoitiwa. Huko kusini hakuna shimo wala bwawa la topesumu. Wanachimba visima viwili vya kulala, kimoja juu ya kingine kwa umbali wa kama mita tano, kila kimoja kikienda mbele mita mia kadhaa hadi elfu. Cha juu kinaingiza mvuke wa nyuzi 200 na zaidi, bitumini inalegea na kuchuruzika pamoja na maji ya mvuke uliopoa, na kisima cha chini kinavuta vyote viwili. Kazini utasikia njia hii ikiitwa SAGD. Aliyeibuni ni Roger Butler, na majaribio yake ya chini ya ardhi yalianza Alberta miaka ya 1980.

Pipa moja la bitumini hutaka mapipa mawili hadi manne ya mvuke, ukihesabu kama maji baridi. Sehemu kubwa inarudi juu ikiwa imechanganyika na mafuta, inasafishwa, inageuzwa mvuke tena. Kwenye mapipa matatu, ukirudisha asilimia 90, unapoteza 0.3 tu, na sehemu ya hicho kinachofidiwa hutoka kwenye maji ya chumvi ya chini sana ambayo hakuna mtu anayeyanywa. Kwa upande wa mto, basi, kazi yako ni nyepesi mara nyingi kuliko machimbo. Lakini usiikumbatie ile asilimia. Kiwanda kinachotumia mapipa matano ya mvuke na kurudisha asilimia 92 kinapoteza 0.4 kwa kila pipa la mafuta. Kinachotumia mapipa mawili na nusu na kurudisha asilimia 88 kinapoteza 0.3. Wa kwanza ana asilimia nzuri na hasara kubwa. Uliza uwiano wa mvuke kwa mafuta kwanza, asilimia baadaye. Uwiano huo ndio unaokwambia pia gesi inayochomwa: ukiwa karibu na tatu, ni futi za ujazo elfu moja hivi za gesi asilia kwa kila pipa. Uzito halisi wa njia hii uko hewani kuliko mtoni.

Maji yakitoka kisimani yana mafuta ya maelfu ya miligramu kwa lita, tena yakiwa matone madogo mno. Baada ya kutenganishwa na bitumini yanapita tangi la kukwangua mafuta ya juu, kisha chombo cha viputo vya gesi, kisha vichujio vya maganda ya jozi yaliyosagwa. Yakitoka hapo yawe chini ya miligramu 10 kwa lita. Halafu yanaingia tangi la chokaa, kwenye joto la nyuzi 80 hivi, ambako hutiwa chokaa, magnesiamu oksaidi na magadi, kemikali ileile inayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya. Lengo kuu ni silika, madini ya mchanga yaliyoyeyuka majini. Inanaswa na magnesiamu kwenye tabaka la tope linaloelea katikati ya tangi. Mwisho ni vichujio vya kawaida na matangi ya resini, yaani punje zinazonasa kalisi na magnesiamu, yanayoondoa ugumu mpaka chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Resini hiyo huamshwa ifanye kazi upya kwa asidi ya hidrokloriki, kisha kwa kostiki soda.

Shida nyingi zinaanzia kwenye tangi la chokaa. Mtiririko au joto likibadilika ghafla, tabaka la tope linanyanyuka na kuvuka kwenda kwenye vichujio, na baada ya saa chache resini imeziba. Ukiona uchafu wa maji yanayotoka unapanda, shusha mtiririko taratibu kabla ya kugusa kipimo cha kemikali. Wengi hukimbilia kuongeza chokaa na kulikoroga tangi zaidi. Mafuta yakipenya kichujio cha maganda, resini inavaa utando wa mafuta na uamshaji wa asidi hausaidii tena. Ukitafuta chanzo, usiishie kwenye kichujio. Mara nyingi kosa liko mwanzoni kabisa, kwenye kemikali ya kuvunja mchanganyiko wa maji na mafuta.

Ukikosea silika au ugumu, adhabu iko boilani. Boila hizi ni za njia moja: maji yanaingia upande huu, na upande wa pili unatoka mchanganyiko wenye mvuke asilimia 75 hadi 80. Robo au humusi inayobaki huachwa iwe maji makusudi, ili kuta za bomba zilowe na chumvi zibaki zimeyeyuka. Ndiyo maana boila hizi zinavumilia chumvi ya miligramu 8,000 kwa lita, kiwango ambacho boila la kawaida lisingekubali. Lakini ukoko wa silika hata mwembamba unazuia joto kutoka, chuma kinapata moto kupita kiasi, na bomba linapasuka. Maji yale yaliyobaki, blodauni kwa lugha ya kazini, yana chumvi na silika nyingi. Sehemu hurudishwa kwenye tangi la chokaa, sehemu husukumwa kwenye kisima kirefu cha kutupia, au huvukizwa kwa mashine ili maji safi yarudi na iliyobaki iwe chumvi nzito. Kuvukiza kunaokoa maji lakini kunakula umeme. Kwangu mimi, pale penye maji ya chumvi ya kina kirefu na kisima kizuri cha kutupia, mashine ya kuvukiza mara nyingi inahamisha tu mzigo kutoka majini kwenda hewani.

Kuhusu watoto: Fort McMurray inachota maji Athabasca, mto unaelekea kaskazini, na machimbo karibu yote yako mbele zaidi, baada ya mto kuupita mji. Maji yanatibiwa na kupimwa kama ya mji mwingine wowote wa Kanada, na sina sababu ya kukuzuia kuyanywa. Kingo za mto zina bitumini inayojitokeza yenyewe tangu kabla ya mgodi wa kwanza, kwa hiyo doa la mafuta ukingoni si lazima litokane na kiwanda. Mkipanga nyumba nje ya mji yenye kisima binafsi, hayo ni mengine. Kisima hicho hakuna anayekipima kwa niaba yako. Kabla mtoto hajanywa, nenda kituo cha afya ya jamii ukachukue chupa za sampuli, upime bakteria na kemikali, na umuulize mkaguzi wa afya ya mazingira akusomee majibu. Mkivua samaki mtoni, soma kwanza ushauri wa Alberta kuhusu zebaki kwenye samaki wakubwa, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au watoto wadogo.

Kwako wewe hatari iliyo karibu zaidi ni hewa. Maji ya kisimani hubeba gesi ya sumu ya hidrojeni salfaidi (H2S), na inajikusanya kwenye matangi na vyumba vya pampu. Kikomo cha Alberta ni sehemu 10 katika milioni kwa saa nane, na 15 zisizopitwa hata kwa dakika moja. Inanuka yai viza mwanzoni, lakini ikikaribia 100 pua inakufa ganzi na unadhani imeondoka. Usikanyage eneo bila kozi ya H2S Alive na kipimo kinachofanya kazi kifuani, na usiingie tangini kumwokoa mwenzako bila hewa ya mtungi. Ukiumwa kichwa, macho yakiwasha au ukapata kizunguzungu kazini, toka, toa taarifa, umwone daktari siku hiyohiyo. Haya hayatibiwi kwa ushauri wa kuandikiana.

Mwambie dada kwamba Hoima si mchanga wa lami. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yanaganda kwenye joto la kawaida, ndiyo maana bomba la kwenda Tanga limebuniwa kupashwa moto, lakini ardhini ni ya moto na yanatiririka kisimani. Maji huko yanahusika kwa namna nyingine: mradi mmojawapo wa huko, Tilenga, umepangwa kutumia maji ya ziwa kuingiza ardhini ili shinikizo la visima lisishuke, na maji yanayotoka na mafuta yarudishwe chini. Maswali yake ni ya uchotaji wa ziwa na uvujaji wa visima.

Kabla hujasaini, rudi kwa mwajiri umuulize: uwiano wa mvuke kwa mafuta ni kiasi gani mwaka huu, maji ya kufidia yanatoka tabaka gani na chumvi yake ni ngapi, blodauni inakwenda wapi, na katika mwaka uliopita mabomba mangapi ya boila yalipasuka. Anayesimamia maji vizuri atakujibu papo hapo, maana namba hizo anaziona kila asubuhi.